Nkrumah Imeenda Wapi?

Msimu wa mahafali ukifika, fungua status za wahitimu wa Mlimani uzipitie moja moja. Majoho, kofia, mashada ya maua ya plastiki shingoni, meno yote nje. Sasa acha kumtazama mhitimu, tazama nyuma yake. Utaona kijani kilichovurugika, viduara vya mwanga, na ukungu. Mtu kasoma hapa miaka mitatu au minne, kapanda kilima hiki juani na njaa juu, halafu picha yake ya kumbukumbu ingeweza kupigwa kwenye bustani yoyote duniani. Au nyuma ya gereji yenye mwembe.

Nasema haya nikiwa upande wa wapiga picha, sio wa wateja. Napiga picha hapa chuoni tangu mwaka wa kwanza, na boom ikichelewa, chakula changu kimetoka mara nyingi kwenye lenzi moja ndogo ya plastiki: milimita 50, f/1.8. Wenyewe tunaiita hamsini. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wakiniuliza wanunue nini, jibu langu halijawahi kubadilika. Achana na bodi mpya, tafuta hamsini, hata ya mtumba, mradi kioo hakina ukungu na fokasi inashika. Kwa hiyo sina ugomvi na lenzi. Nina ugomvi na jinsi tulivyoifanya dasta.

Kwa wasiojua, hamsini haizumu. Ukitaka uso uwe mkubwa, unatembea. Sifa yake ni tundu. Hiyo f/1.8 maana yake ukigawa 50 kwa 1.8 unapata upana wa tundu linalopitisha mwanga, yaani kama milimita 28. Ile lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, 18 mpaka 55, ukiivuta hadi mwisho inabaki na f/5.6, tundu ambalo halifiki hata milimita 10. Tofauti ya mwanga ni karibu mara kumi. Ndani ya chumba cha hosteli jioni, taa moja ya darini, lenzi ya kawaida inaweza kukulazimisha uache shata wazi kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo mtu akipumua tu picha imetikisika. Hamsini inapiga picha hiyohiyo kwa sehemu ya mia. Huo ndio utajiri wake, na utajiri wenyewe unaitwa mwanga.

Tena hata kihistoria lenzi za tundu kubwa hazikuzaliwa kwa ajili ya ukungu. Upigaji picha ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, lenzi zilikuwa na tundu dogo kiasi kwamba anayepigwa alitakiwa kukaa kama sanamu kwa dakika kadhaa. Studio za enzi zile zilikuwa na vyuma vya kushikilia kichwa kwa nyuma kisicheze. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati wa chuo kikuu kule Vienna, alikaa chini akapiga hesabu ya lenzi mpya, ikatengenezwa na Voigtländer. Tundu lake lilikuwa karibu f/3.6, na muda wa kukaa bila kutikisika ukashuka sana. Mwanahisabati alifanya kazi yote ile ili mtu aweze kupigwa picha akiwa na sura ya mtu. (Wa CoNAS wanaolalamika kwamba kokotoo halina matumizi, someni hapo.)

Kwetu sisi weusi faida hiyo ni kubwa zaidi. Jua la saa saba la Dar likimpiga mhitimu, paji la uso linang'aa na macho yanazama kwenye kivuli cha kofia. Dawa ni kumtoa juani, kumpeleka chini ya mti au ukingoni mwa korido, mahali pa mwanga laini, na huko ndiko hamsini inapokubeba. Lakini usiiamini kamera ikupimie. Mashine haijui kama inatazama joho jeusi au mbingu nyeupe, inachotaka ni kila kitu kiwe kijivu cha kati. Joho likijaa kwenye fremu, itaongeza mwanga mpaka uso upauke. Mbingu ikijaa, itamtia mtu giza. Pima uso wenyewe, vingine vifuate.

Sasa turudi kwenye ukungu. Tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayoonekana kali ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kamera zetu hizi za sensa ndogo, hamsini kwenye f/1.8, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, unene wa kile kilicho kwenye fokasi ni kama sentimita sita. Ukisogea mpaka mita moja, zinabaki tatu. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni zaidi ya hapo. Ukirudi nyuma mita tatu unapata kama robo mita, na kwa mtu mmoja aliyesimama wima hiyo inatosha kabisa.

Ila kwenye mahafali ni nani anasimama mmoja?

Mwenzangu mmoja tuliyekaa naye chumba alihitimu, mama yake akavuka nchi nzima kwa basi kutoka Bukoba kuja kumwona. Akavaa kitenge kipya. Wakati wa picha, mama zetu mnawajua, akasimama nusu hatua nyuma ya mwanawe, siku si yake. Kijana aliyepiga, mwanafunzi mwenzetu ambaye simtaji, akafungua tundu lote, akashika fokasi kwenye jicho la mhitimu, akabonyeza. Joho limetoka kali kama wembe, unaweza kuhesabu nyuzi za kishada cha kofia. Mama ametoka kitenge kisicho na uso. Picha ilisafishwa kubwa, ikatiwa fremu, ikapelekwa nyumbani. Baada ya wiki mama akapiga simu kushukuru, halafu akauliza taratibu: "Mwanangu, mbona mimi nimekuwa moshi?"

Picha ile haipigwi tena. Joho lilirudishwa, mama karudi Bukoba. Kufunga tundu mpaka f/5.6 kungechukua sekunde mbili, na kwa mchana ule mwanga ulikuwepo wa kumwaga. Angalau angemwambia mama asogee bega kwa bega na mwanawe. Kuna watu wanaita ukungu ule "uprofesheno". Kwangu ni uvivu wenye lenzi nzuri.

Najua jibu litakalokuja: wateja ndio wanataka. Kweli, wanataka, na naelewa walikotoka. Miaka ile nyuma kufifia kulikuwa ushahidi kwamba umepigwa na kamera kubwa, sio simu. Lakini tangu 2016 hivi simu zenye lenzi mbili zilipoanza kuchora ukungu kwa hesabu, ushahidi huo umekufa. Simu ya mtu inafifisha nyuma, inakula na nusu ya rasta zake, na bado inaitwa picha kali. Kama kazi yetu ni ukungu tu, tufunge duka.

Jibu la pili lina uzito zaidi: siku ya mahafali nyuma kuna fujo. Wauza maua, miavuli, magari, ukoo mzima wa watu usiowajua, ndoo ya taka ya njano ambayo kila mwaka iko palepale. Hapo hata mimi nafungua tundu. Lakini jaribu miguu kwanza. Hatua mbili kushoto, ndoo imejificha nyuma ya mti. Piga magoti, umati umeshuka, paa limebaki. Hamsini haizumu, kwa hiyo kutembea umeshakubali tangu ulipoinunua.

Na kilichoko nyuma ya mtu kina thamani, watu wamekuwa wakikilipia. Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitundika kitambaa chenye maua nyuma ya wateja, na alikuwa na redio, saa na vitu vingine vya kushika. Mteja alijua anataka kuonekana na nini, na tukizitazama picha hizo leo tunausoma mji mzima. Studio za pwani yetu nazo zilikuwa na mapazia yaliyochorwa, mtu anasimama mbele ya bustani ya rangi au ndege. Walilipia mahali ambapo hawajawahi kufika. Sisi tumefika mahali penyewe, kwa jasho na kwa supp, halafu tunapafuta!

Hata Benki Kuu iliona. Ile noti ya karatasi ya shilingi 500, kabla haijawa sarafu mwaka 2014, ilibeba Nkrumah mgongoni. Ukumbi ambao nchi nzima imeushika mkononi wakati wa kununua vocha, kwenye picha ya mhitimu wake unaonekana kama wingu.

Ninavyofanya mwenyewe ni hivi. Mteja akija peke yake nampeleka kivulini, f/2 au f/2.8, uso tu, apate ukungu wake aufurahie. Kisha namsogeza mbali na ukumbi, paa lile liingie nyuma ya bega lake, nafunga tundu mpaka f/8 na kupiga tena. Hamsini kwenye kamera zetu inabana, inaona kama lenzi ya 75 au 80, kwa hiyo Nkrumah nzima haiingii, na paa linatosha. Familia ikifika naitoa ile lenzi ya kawaida begini, iliyodharauliwa tangu siku ya kununua kamera, na kuwapanga wote mstari mmoja, bibi katikati. Bei ni ileile.

Na wewe unayelipa, usione aibu kumwambia mpiga picha kwamba unataka chuo kionekane na mama aonekane. Akikuambia haiwezekani kwa sababu lenzi yake ni ya f/1.8, muulize hizo namba nyingine zilizopo kwenye kamera yake zinafanya kazi gani.