Nyumba ndogo, vitu vingi

Juma lililopita tuliongea juu ya kugawa mfuko wa makala ili ufike mwisho wa mwezi. Juma hili tunabaki ndani ya nyumba. Tutazame vile vilivyo chini ya kitanda, nyuma ya mlango na juu ya kabati, ambavyo tumeacha kuviona kwa sababu vimekaa hapo siku nyingi.

Tuanze na jambo la kalasi. Sisi tunaofundisha tunajua nyumba za wanafunzi wetu hata bila kuzitembelea, maana daftari linatueleza. Lenye alama ya duara lilikaa chini ya sufuria. Lenye harufu ya petroli lilikaa karibu na taa. Siku moja tulikusanya kazi za kalasi ya tano, tukakuta daftari ambalo kurasa nne zimeshikana kwa mawese. Tulimwita mtoto mbele, tukamkaripia wenzake wakisikia. Alinyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, kwetu hakuna mahali.»

Tulidhani anajitetea tu. Lakini jioni ile tulifika nyumbani tukamkuta mtoto wetu mwenyewe, wa kalasi ya pili, amekaa kwenye kizingiti. Daftari lake lilikuwa juu ya bidoni ya maji, naye anainama kuandika huku giza linaingia. Tukamuuliza kwa nini haandiki mezani. Akatutazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Tukaingia kuitazama meza. Juu yake kulikuwa na terimosi mbili, moja haishiki moto tena. Kulikuwa na redio iliyokufa, mfuko uliojaa mifuko mingine, sahani za wageni zilizofungwa katika kartoni, na vikwembe vilivyosubiri fundi tangu Pasaka. Kwetu pia hapakuwa na mahali.

Hapa Goma wengi wetu tunakaa katika nyumba za mbao, vyumba viwili au vitatu, juu ya mawe ya volkano. Mtoto akizaliwa hatuongezi chumba, kwa kuwa mbao ni bei na parseli imefika kwenye ukuta wa jirani. Kwa hiyo kila mara tunasema: nyumba ni ndogo. Sisi pia tulisema hivyo miaka mingi. Siku ile tulichukua kamba tukapima. Saloni yetu ina meta tatu kwa nne. Vitu ambavyo hakuna mtu aliyevigusa tangu mwaka kuanza vilikuwa vimekalia nafasi ya kitanda kizima. Kumbe tulikuwa tunapangisha vitu, tena bila kulipwa, na mtoto wetu ndiye aliyetolewa nje.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kavu. Tulitandika turubai uani tukaanza kutoa vitu vyote nje. Jirani alipita akauliza kama tunahama. Kazi ilienda vizuri mpaka tulipofika kwenye pembe ya mama yetu mzazi, anayekaa nasi tangu baba afariki. Katika pembe hiyo kulikuwa na valizi mbili, gunia la chupa tupu za plastiki, mikebe ya maziwa, na sufuria moja nyeusi iliyopinda mdomo. Tulishika gunia la chupa tukalipeleka kwenye rundo la vitu vya kutupa. Hatukumuuliza. Tuliona ni takataka tu.

Mama alitoka, akalichukua gunia, akalirudisha ndani bila neno. Kisha akaketi juu ya valizi yake. «Akiba haiozi,» akasema, na siku tatu hakuongea nasi isipokuwa salamu.

Siku ya nne usiku, watoto wakiwa wamelala, alituita. Alituuliza kama tunakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Tunakumbuka, ingawa tulikuwa wadogo. Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Tulivuka kwenda Gisenyi na watu wengi, mama akiwa na mdogo wetu mgongoni na ile sufuria mkononi, kwa sababu maharagi yalikuwa bado ndani yake. Tuliporudi, mawe yalikuwa bado yana joto chini ya viatu, na nyumba yetu haikuonekana. Ilikuwa chini ya jiwe. «Mwezi mzima,» mama alisema, «niliomba kila kitu. Niliomba kikombe. Niliomba chupa ya kuwekea mafuta, mtu akaninyima chupa tupu. Mwanangu, wewe unaona takataka. Mimi naona siku ambayo sitamwomba mtu.»

Akina mama, tumesoma ualimu, tumefundishwa namna mtoto anavyojifunza, lakini jambo hili tulilisikia usiku ule katika saloni yetu. Wengi wetu hatujazi nyumba kwa uvivu. Tunajaza kwa sababu tuliwahi kupoteza. Mwingine alipoteza kwa moto wa mlima, mwingine kwa moto wa mtaa, mwingine alikimbia vita na watoto wawili na godoro moja. Tarehe 22 Mei 2021 anga lilipokuwa jekundu tena, ni nani kati yetu ambaye hakutazama vitu vyake akajiuliza abebe nini? Safari ile moto ulisimama Buhene kabla ya kuingia mjini, lakini woga uliingia. Na woga unapenda kukusanya.

Basi tulimwomba mama radhi. Tulimweleza pia juu ya mtoto anayeandika kwenye bidoni. Hakujua, kwa sababu saa hizo yeye yuko sokoni. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Kesho leta ile gunia.» Alihesabu chupa mwenyewe. Zilikuwa 46. Alichagua 12 zenye vifuniko vizuri, zilizobaki akazipeleka kwa wanawake wanaouza mawese na kasiksi, akarudi na pesa ya sabuni. Alipofungua valizi ya pili alikuta kikwembe chake cha sherehe, alichokiweka miaka bila kukivaa. Panya walikuwa wamekitoboa mahali pengi. Alikishika muda mrefu. Hatukumkumbusha kwamba akiba haiozi. Kutoka sehemu nzima alishona vitambaa viwili vya kichwa, na kimoja anakivaa kanisani sasa.

Sasa tuwape namna ya kufanya, kama tulivyofanya sisi, ili msipitie siku tatu za kununiana.

Kwanza, kila mtu ashike vitu vyake. Usitupe kitu cha mama mkwe, cha baba watoto au cha mtoto bila yeye kuwepo. Hata mtoto wa miaka sita anaweza kuchagua. Anayetupiwa kwa nguvu atakusanya mara mbili.

Pili, usianze na nyumba nzima. Chagua pembe moja na siku isiyo na mvua. Toa vyote nje, fagia, panguza mbao, tazama kama kuna panya au mchwa. Kisha fanya marundo manne: vinavyobaki, vya kumpa mtu, vya kuuza, na vya kutengeneza. Rundo la nne ndilo linalotudanganya. Lipe majuma mawili tu. Redio ambayo haikufika kwa fundi ndani ya majuma mawili, haitafika. Iuze kwa vyuma.

Tatu, jiulize hivi kwa kila kitu: mara ya mwisho nilikitumia lini, na nikikihitaji kesho, naweza kukipata kwa jirani? Sufuria kubwa ya sherehe tunaitumia mara mbili kwa mwaka. Katika mtaa wetu wanawake watano tuna likelemba pamoja, na kila mmoja alikuwa na sufuria ya namna hiyo. Sasa tumebaki na mbili, zinazunguka kama pesa inavyozunguka. Tatu tuliziuza.

Nne, tumia ukuta kabla ya sakafu. Nyumba ya mbao ina faida hii, kwamba inapokea msumari popote. Vikombe, vijiko vya mwiko, ungo, mifuko ya shule, vyote vinaweza kuning'inia. Ubao mmoja juu ya mlango, unaotoka pembe hadi pembe, unabeba vitu visivyotumika kila siku. Vizito viwe chini, vyepesi juu, kwa sababu hapa ardhi inatikisika mara kwa mara. Kitanda kikiinuliwa kwa mawe manne yaliyo sawa, valizi zinaingia chini na sakafu inapumua.

Tano, chakula kiwe na chombo chake. Maharagi yaliyokauka vizuri, ukiyajaza mpaka mdomoni katika bidoni safi na kavu na kufunga sana, wadudu wanakosa hewa, wanakufa. Bidoni hiyo isiwe iliyowahi kubeba petroli au dawa. Magunia matatu yenye robo robo ya unga yanakula nafasi bure. Unganisha unga wa aina moja.

Sita, na hili si la uzuri, ni la uhai: njia ya kwenda mlangoni iwe wazi usiku. Tunajua nyumba za mbao zinavyowaka, mnajua tumezika nani. Ndani ya dakika chache hakuna nyumba. Usipange mabidoni nyuma ya mlango wakati wa kulala. Petroli isikae karibu na mbabula wala chini ya kitanda. Na mbabula yenyewe, hata kukiwa na baridi, isilale ndani. Ina hewa mbaya isiyo na harufu, inaua watu wakiwa wamelala. Ukimaliza kupanga, zima taa, kisha mwambie mtoto mkubwa atembee kutoka kitandani mpaka nje katika giza. Akijikwaa, kazi haijaisha.

Saba, karatasi. Tuweke mfuko mmoja tu usioingia maji, na ndani yake kadi za mchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, karatasi za parseli, bultini za shule na diploma. Mfuko huo una msumari wake karibu na mlango, na kila mtu katika nyumba anaujua. Mwaka 2021 tuliona wazazi wakikimbia, na baadaye kusumbuka miezi kutafuta karatasi za watoto, wakati waliwahi kubeba terimosi. Hatuwacheki, sisi pia tulibeba terimosi. Ilikuwa ile isiyoshika moto.

Mama yetu alipoona mfuko wa karatasi kwenye msumari, alitundika sufuria yake iliyopinda kwenye msumari wa pili, pembeni yake. Haipikiwi kitu. Baba watoto aliuliza kama hiyo nayo inabaki. Inabaki. Nyumba iliyopangwa si nyumba isiyo na kumbukumbu, ila kumbukumbu moja inatosha msumari mmoja.

Na meza? Meza ilipona. Tumekubaliana sheria moja: kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni ni ya madaftari. Hakuna sahani, hakuna simu, hakuna mboga za kuchambua. Wageni wakija saa hizo tunawapokea nje kwenye viti, nao hawajalalamika. Saloni ni ile ile ya meta tatu kwa nne, lakini juma lililopita watoto wa jirani wawili walikuja kuandika, wakawa wanne mezani, na hakuna aliyekaa kwenye kizingiti.

Inabaki yule mtoto wa kalasi ya tano. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu ni mbele yao tulipomkaripia. Sasa yeye na wengine wanabaki nusu saa baada ya masomo kumaliza kazi zao kwenye madawati. Mama yake alikuja kutuona. Hatukumfundisha namna ya kupanga nyumba, maana wana chumba kimoja na ni watu wanane. Tulimpa msumari na mfuko wa plastiki wa kuweka daftari, litundikwe juu, mbali na mawese. Naye alitupa wazo ambalo tumeliiba: usiku anageuza beseni la kufulia, watoto wanaliandikia juu. Mahali pa mtoto panaweza kuwa padogo hivyo, mradi pawe pake.

Kazi ya nyumbani ya juma hili, akina mama: pembe moja, si zaidi. Jumapili baada ya mkutano, kila mmoja aje na kitu kimoja kizuri asichokihitaji tena. Tutabadilishana. Asiyetaka kurudi na kitu asije na mfuko mkubwa.

Tuonane juma lijalo, Mungu akitujalia. Tutaongea juu ya namna ya kumsaidia mtoto kujifunza kuhesabu kwa kumtuma sokoni.