Sahani ya Elfu Mbili

BARAZANI
Na Bakari Mwinyikondo

Watu wa mjini wenye nafasi, wakizungumza juu ya mahali pa kula, aghalabu huulizana habari za mapishi, na upepo wa bahari, na kama gari litapata pa kuegeshwa. Lakini mtu wa Mbagala, aliyetoka kwake kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi gari la Kariakoo au la Posta, na ambaye ujira wake wa jana umekwisha gawanywa baina ya kodi ya chumba, ada ya mtoto na deni la dukani, ana suala moja tu: nitakula wapi nishibe, nisiugue, na nauli ya kurudi ibaki mfukoni? Suala hilo nimekusudia kulijadili juma hili, kwa kuwa naona wale waliopewa dhamana ya kuupanga mji wetu hawajapata kulitia katika hesabu zao, ilhali wanahesabu viwanja, mitaro na nguzo za taa mpaka ya mwisho.

Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 300,000, na kuli wa bandarini akikaa Ilala au Temeke aliweza, muda ukimruhusu, kurudi nyumbani adhuhuri akala chakula cha jiko lake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huu watu 5,383,728, na wengi miongoni mwao wamesukumwa na bei za viwanja na kodi za nyumba hadi pembezoni, Mbagala na Chamazi upande wa kusini, Gongo la Mboto na Chanika upande wa magharibi, Bunju upande wa kaskazini, hata mlo wa mchana ukahama nyumbani na kuwa jambo la njiani. Fauka ya hayo, wako wapangaji wa chumba kimoja, vijana wa bodaboda, saidia fundi, walinzi wa usiku, ambao kwao kuwasha jiko kwa ajili ya tumbo moja ni hasara tupu: anunue mkaa, na mafuta ya kupimiwa, na nyanya, na kitunguu, na nazi, na unga au mchele, kisha asubiri saa nzima, na mwisho wa hesabu aone ya kuwa ametumia zaidi ya bei ya sahani iliyokwisha iva pale njiani. Kwa watu hawa mama ntilie ndiye jiko la nyumbani, wala kula kwake si anasa.

Basi na tuifuate siku ya Rangi Tatu, hukohuko Mbagala, kwa saa zake, maana chakula cha pembezoni kina wakati, na asiyejua wakati hulipa zaidi. Alfajiri ni zamu ya chai ya rangi yenye tangawizi, maandazi, vitumbua na chapati, na mihogo ya kuchemsha, na kwa mwenye kazi nzito ni supu ya utumbo au ya makongoro, inayonywewa kwa kusimama, ndimu ikikamuliwa juu yake na pilipili ikidondoshwa kwa hadhari. Adhuhuri ni zamu ya wali na ugali, kwa maharage, dagaa, vibua vya kukaanga, matembele, kisamvu au bamia. Na hapo ndipo penye ile sahani ya elfu mbili niliyoitaja katika anwani, ambayo penye maharage matupu hushuka hata elfu moja na mia tano, na penye kipande cha nyama hupanda kidogo. Baada ya magharibi vichochoro hutwaliwa na wakaanga mihogo na chipsi, na wachoma mishikaki, na yule muuza pweza aliyezungukwa na wanaume wa kila rika wakichoma vipande kwa vijiti. Lakini mlo wa usiku, kwa kuwa ni wa vipande vipande, humghilibu mtu, akadhani ametumia kidogo kumbe amekwisha pita bei ya sahani.

Mahali hapo pamebahatika kwa jiografia yake. Barabara ya Kilwa, ipitayo katikati ya Mbagala, ndiyo njia ya kusini. Kwa njia hiyo huingia mihogo, nazi na maembe ya Mkuranga, na mchele wa Rufiji, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mizigo ya Kilwa, Lindi na Mtwara hufika bila kungoja kivuko. Mhogo ulioshushwa Mbagala haujalipiwa safari ya kwenda katikati ya mji, na nazi inayonunuliwa palepale haijapita katika mikono ya wachuuzi watatu. Ndiyo sababu mapishi ya nazi, ambayo katika hoteli za mjini yamekuwa takrima ya wageni, huko pembezoni bado ni chakula cha kila siku cha mtu wa kawaida.

Lakini ukaribu wa shamba peke yake haushushi bei. Aishushaye ni mpishi mwenyewe kwa maarifa yake. Mtazame anapopika wali: maji yakikaribia kukauka, hupunguza moto wa chini, huchukua makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya kifuniko, akaupalia wali mpaka punje ziachane, na kwa namna hiyo makaa yaleyale yaliyochemsha maharage hufanya kazi ya pili bila gharama mpya. Akipakua, huushindilia wali katika bakuli na kulipindua juu ya sahani, kila mtu akaona kwa macho yake ya kuwa kipimo chake ni kile cha mwenzake, asibaki wa kulalamika. "Mama, nitilie wa elfu na mia tano," husema kijana mwenye kofia ya chuma mkononi. "Samaki au maharage, baba?" "Maharage, ila mchuzi usininyime." Naye huongeza upawa mmoja wa mchuzi usiolipiwa, kwa kuwa ajua ya kuwa mchuzi ndio umrudishao mteja kesho, na ya kuwa faida yake haimo katika sahani moja, imo katika wingi wa sahani zinazopakuliwa baina ya saa sita na saa nane.

Liko na jambo jingine ambalo hoteli hailiwezi, nalo ni mkopo. Fundi uashi hulipwa Jumamosi, na Jumatano hana kitu. Hula, huandikwa katika daftari lililokunjamana lililo chini ya meza, na Jumamosi hulipa. Mkopo huo hauna riba wala dhamana ila sura ya mtu na kazi anayojulikana nayo, na lau ungeondolewa, nyumba nyingi zinazojengwa Chamazi na Charambe zingejengwa na watu wenye njaa.

Kwa mgeni aliyehamia majuzi, na asiyejua aanzie wapi, nina nasaha chache. Usile kandokando ya kituo palipo na kelele nyingi kuliko pote; ingia kichochoro kimoja ndani, maana hapo mpishi hutegemea wateja walewale kila siku, na anayetegemea walewale hathubutu kuwadanganya. Watazame walaji: ukiona makonda na mafundi, watu ambao siku moja ya kuugua huwakosesha ujira, jua ya kuwa chakula hicho kimekwisha pimwa na wenye hadhari. Tazama maji ya kunawa, kama yamiminwa kwa jagi au kama watu wote huchovya mikono katika bakuli moja. Tazama kama sahani husuuzwa kwa maji ya pili, kama mboga zimefunikwa, na kama chakula chapakuliwa kikitoa mvuke. Uliza bei kabla ya kuketi, tena kwa adabu, kwani hakuna aibu katika kuuliza, na aibu yote iko katika kubishana baada ya kula.

Hapa najua ya kuwa wenye elimu ya siha watanikatiza. Wahenga, watasema, walinena ya kuwa rahisi huvunja upishi. Na watanikumbusha kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani, hata wauzaji wa vyakula vya njiani wakazuiwa. Sikanushi, uchafu upo, na mwenye kuuficha ni adui wa walaji. Lakini na tufanye insafu: mpishi yule hununua maji kwa ndoo na kwa dumu, hana bomba wala mtaro wa kumwagia maji machafu, na choo kilicho karibu naye hulipiwa kila aingiapo, basi kila tone analotumia kusuuza sahani latoka katika faida ya sahani hiyo. Kumwamrisha awe safi, bila ya kumsogezea maji, ni kumtaka achague baina ya usafi na bei, na akichagua usafi sahani itapanda, na mlaji wake, asiyeweza kuifuata, atakwenda kwa mchafu zaidi yake. Maradhi hayafukuzwi kwa kumfukuza mpishi, kwa maana njaa ya saa saba haifukuziki pamoja naye.

Na kufukuza tumekwisha kujaribu mara nyingi. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wengi wa wachuuzi wadogo wa mjini kuwa watu wasio na kazi, wakakamatwa na kupelekwa mashambani, na baada ya muda mchache wakarejea, kwa kuwa mji uliwahitaji. Mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji na kuoneshwa maeneo mengine. Sina ugomvi na njia kuwa wazi, wala na mwenda kwa miguu kupata pa kukanyaga. Ugomvi wangu ni juu ya kumchanganya mwenye sufuria na mwenye nguo. Muuza shati akipelekwa mahali pasipopita watu, shati lake hubaki, ataliuza kesho au mwezi ujao. Lakini wali uliopikwa asubuhi hauna kesho, na mama ntilie aliyetengwa na njia ya wapitao kwa siku tatu amekwisha kula mtaji wake yeye na wanawe. Akitaka kuuinua tena, hukimbilia mikopo ile ambayo watu wameiita kausha damu, na marejesho yake ya kila siku huongezwa juu ya bei ya sahani. Hivyo amri iliyotolewa kwa ajili ya uzuri wa barabara hulipwa, shilingi kwa shilingi, na saidia fundi.

Rai yangu, basi, ni kwamba mahali pa kula pa bei nafuu pahesabiwe kuwa huduma ya mji, sawa na kituo cha magari na soko. Njia ya mabasi ya mwendokasi imekwisha jengwa katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, kwa kilomita zipatazo 20, na vituo vyake vimechorwa mahali pa kupandia na pa kukatia tiketi; umma ule wote ushukao hapo jioni na upandao hapo alfajiri utakula, ipende ramani isipende. Lingekuwa jambo jepesi kutenga, katika mwendo wa hatua chache kutoka kituoni, banda lenye paa, bomba, mtaro na choo, lenye meko ya kukodishwa kwa siku na kwa bei ndogo, likisimamiwa na kamati ya wapishi wenyewe pamoja na bwana afya wa kata. Kadhalika zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri, ambazo kwa sheria ni mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ambazo zilisitishwa mwaka 2023 zikarejeshwa mwaka uliofuata, ziwafikie wapishi hawa katika vikundi vyao vya kusaidiana, ambavyo aghalabu vipo tayari, ingawa havina katiba iliyopigwa chapa. Na serikali, inayotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, ikumbuke ya kuwa jiko moja la gesi kwa mama ntilie hupikia watu wengi kuliko la nyumba nzima, ila atakayempa mtungi mdogo na jiko la kupikia chai atakuwa hajamsaidia, kwani sufuria ya maharage yataka moto wa saa nyingi.

Nasi walaji tunayo haki ya kutimiza. Kuna watu hula kwa daftari juma zima, kisha Jumamosi wakabadilisha njia ya kupita, na kuna wengine wenye mishahara ya ofisini hubishania mia mbili za mchuzi kwa mwanamke aliyeamka saa tisa ya usiku. Bei nafuu hujengwa na uaminifu wa pande mbili, na kila deni linalokimbiwa hutiwa katika sahani ya yule aliyelipa.

Wakati wa kuomba kura utakapofika, watakuja wagombea udiwani kutuahidi lami na taa, nayo ni mambo mema. Nawasihi wasomaji wangu wa Mbagala, na wa Gongo la Mboto, na wa Bunju, wamuulize kila mmoja wao: katika kata yako, mama ntilie atapika wapi, na bomba lake la maji litakuwa hatua ngapi kutoka jikoni? Asiyekuwa na jibu, na arudi akajifunze kata yake kwanza.