Aliyetega Ndiye Ategue



Katika majeshi ya majini ya dunia kuna meli ambazo sifa zake hazivumi. Hazina mizinga mikubwa, wala hazitajwi sana vita vinaposimuliwa. Hizo ni meli za kufagia mabomu baharini. Lugha yetu inatusaidia kuielewa kazi yake kwa maneno mawili, kutega na kutegua. Wengine hutega, mabaharia hawa hutegua. Katika toleo hili tumeona vema kuzitafakari kumbukumbu za utumishi wao, kwa kuwa zinatufundisha jambo ambalo wafanyao vita na watiao saini mikataba hulisahau upesi: vita haviishi siku ile silaha zinaponyamaza.

Kazi yenyewe ilidai subira kuliko ushujaa wa kuonekana. Bomu la baharini la aina ya zamani hufungwa kwa mnyororo kwenye uzito uliolala sakafuni mwa bahari, nalo huelea chini kidogo ya uso wa maji. Meli hukokota waya mrefu wenye vikatio. Mnyororo ukikatika, bomu huibuka, na mabaharia hulipiga risasi mpaka lilipuke au lizame. Mwezi wa Novemba 1939, Waingereza walilifungua bomu la Kijerumani lililopatikana matopeni huko Shoeburyness, wakagundua kwamba halikuhitaji kuguswa, bali liliamshwa na usumaku wa chuma cha meli. Kwa sababu hiyo meli nyingi za kufagia zikajengwa kwa mbao, zikakokota nyaya zenye umeme ili kuyalaghai mabomu. Mengine yaliundwa yahesabu meli, yaziache kadhaa zipite salama ndipo yalipuke. Basi njia ile ile ilifagiliwa leo, kesho na kesho kutwa, wala hakuna aliyeweza kuapa kwamba imekwisha kuwa salama. Waliotumikia humo walijifunza kuvaa maboya ya kujiokolea saa zote za kazi, na kupunguza watu wanaokaa chini ya sitaha, maana pigo hutoka chini.

Ni nani waliopewa kazi hiyo? Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza iliwategemea sana wavuvi wake. Vyombo vyao vya uvuvi vilitwaliwa na jeshi, na wengi wao wakaingia humo kuwa mabaharia wa kivita, makao yao makuu yakiwa katika mji wa Lowestoft. Mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mjini humo mwaka 1953 una majina 2,385 ya watu wa kikosi hicho ambao hawana kaburi isipokuwa bahari. Vita vilipokwisha mwaka 1945, kazi haikwisha. Maelfu ya mabaharia wa Kijerumani, ambao taifa lao lilikuwa limekwisha kushindwa, waliwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza kuyasafisha maji ya Ulaya ya kaskazini, nao wakaendelea hadi mwisho wa mwaka 1947.

Kisa cha bandari ya Wonsan, katika Vita vya Korea, chatupa funzo kubwa zaidi. Mwezi wa Oktoba 1950 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikusudia kushuka hapo, yakakuta mabomu yapatayo 3,000, mengi yakiwa yametegwa kwa vyombo vidogo vya kienyeji. Tarehe 12 Oktoba meli mbili za Marekani za kufagia, Pirate na Pledge, zilizama siku moja. Tarehe 17 Oktoba ikazama meli ya Japani, na mtu mmjoa wa meli hiyo akafa. Japani ilikuwa imekwisha kuikana vita katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1947. Kwa hiyo mabaharia wake walipelekwa kwa siri, na kifo kile nacho kikafichwa kwa miaka mingi. Askari waliosubiri kushuka walizunguka baharini karibu wiki nzima, na walipofika nchi kavu, mji ulikuwa umekwisha kutekwa na wenzao waliopita barabarani. Mtu aliyekufa akisafisha njia alinyimwa hata heshima ya kutajwa. Je, hilo si suala la haki?

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti methali hiyo ingelikuwa kweli kwa watega mabomu! Aghalabu aingiaye ni mwingine: baharia, mvuvi, msafiri. Sheria ya mataifa imejaribu kurekebisha jambo hilo. Mkataba wa Hague wa mwaka 1907 uliagiza kwamba vita vikiisha kila dola iyaondoe mabomu yake kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini mkataba huo huo ukasema kwamba aliyetega karibu na pwani ya adui atapaswa kumwarifu mahali yalipo, na mwenye pwani ndiye atakayeyaondoa katika maji yake. Maana yake ni kwamba aliyeumizwa huachiwa ufagio.

Mahakama ya Kimataifa imesema neno pia. Mwaka 1946 meli mbili za kivita za Uingereza ziligonga mabomu katika mlangobahari wa Corfu, watu 44 wakafa. Mwaka 1949 Mahakama iliihukumu Albania kwa kutotoa onyo. Lakini iliihukumu na Uingereza pia kwa kuingia na kufagia maji ya mwenzake bila idhini. Mwaka 1986 Mahakama hiyo iliihukumu Marekani kwa mabomu yaliyotegwa katika bandari za Nicaragua mwaka 1984 bila taarifa kwa meli za mataifa. Nicaragua haikupata kulipwa fidia iliyoamriwa. Hukumu ipo, lakini mkubwa hakuitii.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu mpaka mezani. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, mabomu yaliyokatika minyororo yalionekana yakielea katika Bahari Nyeusi, njia ya meli za ngano, na bei ya mkate ilipanda huku kwetu Afrika Mashariki, ambako ngano nyingi hutoka nchi hizo mbili. Mwezi wa Januari 2024, Uturuki, Romania na Bulgaria zilitia saini mapatano ya kufagia bahari hiyo kwa pamoja. Katika pwani ya Yemen, wavuvi wamekufa kwa mabomu ya vita ambavyo si wao waliovianzisha. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 uliyapiga marufuku mabomu ya ardhini yanayotegewa watu, lakini haukuyagusa ya baharini. Na mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya ziliamua kujitoa hata katika huo.

Kwa hiyo tunasema wazi. Aliyetega ndiye ategue, au alipe gharama ya kutegua, hata kama alitega katika maji ya mwenzake. Wanaosafisha watajwe, watunzwe, na wajane na yatima wao walindwe, hata kama waliwahi kuwa upande wa walioshindwa. Nchi zetu, zilizotia saini mkataba wa Ottawa, zitumie sauti yao katika vikao vya mataifa ili bahari nayo ipate ulinzi kama nchi kavu.

Nasi katika jumuiya zetu tusidhani kwamba kutega ni kazi ya majeshi tu. Uvumi unaopandwa kati ya kabila na kabila wakati wa uchaguzi, au mpaka wa shamba unaosogezwa usiku, hutegwa kwa saa moja na kuteguliwa kwa miaka. Kila kiongozi wa walei anawajua wazee na akina mama wa mtaani kwake ambao hutembea nyumba kwa nyumba, bila malipo wala sifa, wakipatanisha ugomvi ambao hawakuuanzisha. Tuwaulize wanahitaji nini. Na wale waliouanzisha tuwatake waje wenyewe, washike upande wao wa kazi.