Kuvu za Uluguru: nani atavuna faida?

Mfanyabiashara anayesubiri kabichi, viazi na njegere kutoka Mgeta, au ndizi kutoka Kinole, anajua kwamba bei ya soko huanza kupangwa shambani. Mvua zikizidi, bakajani huingia kwenye viazi na nyanya, mkulima hukimbilia dukani Morogoro mjini kununua dawa ya ukungu, na gharama hiyo humfuata mnunuzi mpaka Dar es Salaam. Kwa ndizi hali ni ngumu zaidi. Mnyauko wa Panama hauna dawa ya kupulizia, na ukishaingia kwenye udongo hukaa humo miaka mingi.

Wiki hii tunaacha kando bei za magunia na matenga, tuangalie bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi bado hawajaifikiria. Nayo ni kuvu zinazoishi ndani ya mimea ya asili bila kuidhuru. Karibu kila mmea wa porini unazo, kwenye majani, shina au mizizi. Ni kama wapangaji wanaolipa kodi yao kwa kulinda nyumba. Huziba nafasi ambayo adui angeingilia, hutoa kemikali za kumzuia, na baadhi huuzindua mmea ujikinge wenyewe.

Haya si maneno ya waganga wa mitishamba. Nchini Panama, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba majani ya kakao yaliyotiwa kuvu za aina hii yaliumia kidogo zaidi yalipovamiwa na ugonjwa kuliko majani yasiyokuwa nazo. Hapa jirani Uganda, watafiti wa taasisi ya IITA walichukua kuvu za Fusarium zisizo na madhara kutoka kwenye migomba na kuzitia katika miche ya maabara kabla haijapandwa, ili kupunguza mashambulizi ya minyoo ya mizizi. Ndugu msomaji aone jambo moja hapo: Fusarium ndilo kundi lile lile la kuvu linaloleta mnyauko wa Panama. Ndugu mmoja ni mwizi, mwingine ni mlinzi.

Sasa tugeukie milima yetu. Uluguru ina mimea mingi isiyopatikana mahali pengine popote duniani, na mwaka 2008 msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Chini ya milima hiyo hiyo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Msitu upo, wataalamu wapo, na wakulima wenye shida wapo, wote ndani ya mwendo wa daladala. Ni sehemu chache Afrika zenye bahati ya namna hiyo.

Lakini bahati si biashara. Kukata jani, kulisafisha kwa spiriti na kuotesha kuvu iliyomo ndani ni kazi ya siku chache. Ugumu huja baadaye. Kuvu nyingi humshinda adui kwenye kisahani cha maabara, kisha zikashindwa shambani kwenye jua na mvua. Zile zinazofaulu zinahitaji mtu wa kuzizalisha kwa wingi, kuzifungasha zikiwa hai, kuzisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kuzifikisha kwa mkulima kabla hazijafa kwa joto. Hapo katikati, baina ya maabara na duka, ndipo pesa ilipo. Na hapo ndipo mtaji wa Kitanzania unapoonekana kwa nadra.

Tukiacha pengo hilo wazi, litazibwa na wengine. Jirani zetu Wakenya wanalijua hilo. Mapema miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa kutoka maziwa yao ya magadi, likiwemo Bogoria, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaishia katika viwanda vya ng'ambo vya sabuni na nguo za jinzi. Ilipofika mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilikuwa linadai mgawo wake, baada ya mali kwishauzwa. Mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark ulitiwa saini mwaka 2007. Anayedai baada ya mauzo hupewa anachopewa, si anachostahili.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, sampuli yoyote isitoke Uluguru bila kibali na mkataba unaotaja mgawo wa faida, pamoja na fungu la vijiji vinavyopakana na msitu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Bioanuwai mwaka 1996, na mkataba huo unatambua haki ya nchi juu ya mali hii.

Pili, wenye mitaji midogo waungane. Kiwanda cha kuzalisha kuvu kwenye mchele au pumba hakihitaji mtaji wa kiwanda cha saruji, ila kinahitaji usafi, ubaridi na subira ya misimu kadhaa. Asiyeweza kusubiri asiingie.

Tatu, mwenye duka la pembejeo ajihadhari. Kuvu hai hukinga zaidi kuliko zinavyotibu, na dawa ya ukungu ikichanganywa nazo huweza kuziua. Akuletee mtu pakiti isiyo na namba ya usajili wala tarehe ya kuisha muda, akidai inaponya kila ugonjwa, mrudishie. Mkulima akidanganywa msimu mmoja, hatarudi dukani kwako, na bidhaa halali itakayofuata itakosa mnunuzi.

Mwisho, kila ekari ya msitu inayofyekwa au kuchomwa ni ghala linaloteketea kabla halijahesabiwa. Mfanyabiashara hachomi ghala lake. Yeye huhesabu kwanza mali iliyomo, akaiandika kwa jina lake, ndipo akaanza kuuza.