Majaji wa Runinga na Majaji wa Kanisani

Mwaka 2012, Walter Chilambo aliposhinda Bongo Star Search na kujinyakulia shilingi milioni 50, nilikuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja ulio kando ya barabara kuu, kati ya Mbeya na Iringa. Usiku ule vigelegele vya kwenye kibanda cha video vilifika mpaka nyumba ya mchungaji. Jumapili iliyofuata nikapanda mimbarani na kuyashambulia mashindano yale. Nilisema ni njia pana iendayo upotevuni. Nilisema kijana wa Kikristo anayesimama mbele ya Madam Rita na Master Jay ameiuza karama yake kwa ulimwengu. Washarika wakaitikia amina. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekitazama kipindi kile hadi mwisho, kwa runinga ya jirani.

Baadaye Chilambo akageukia nyimbo za Injili, na leo harusi zetu nyingi haziishi bila wimbo wake. Paschal Cassian, aliyeshinda mwaka 2009, naye tunamjua kwa Injili. Huko Kenya, Ruth Matete alishinda Tusker Project Fame mwaka huo huo wa 2012, shindano lililobeba jina la bia, kisha naye akaenda njia hiyo hiyo. Wahubiri wenzangu wana maelezo ya haraka: Bwana amewatoa gizani. Mimi maelezo hayo siyataki tena. Yanatupa nafasi ya kujisifia shamba ambalo hatukulilima, na yanatuficha tusiulize tuliwafanyia nini vijana waliotoka mikononi mwetu wenyewe.

Miezi michache kabla ya mahubiri yale, binti mmoja wa kwaya yetu ya vijana, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa amepanda basi kwenda kwenye usaili. Baba yake hakuwa na habari. Nauli aliipata kwa kuuza viazi. Alisimama kwenye foleni tangu alfajiri, akaimba kwa muda usiozidi dakika moja, akaambiwa asante, aingie mwingine. Akarudi nyumbani. Nadhani jambo lingeishia hapo, lakini kuna mtu alimwona, na baraza la wazee likaitwa. Hatukumuuliza aliimba nini. (Aliimba pambio la kanisani, nilikuja kulijua hilo baadaye.) Tulimuuliza alivaa nini. Alisimamishwa kuimba kwa miezi sita, na mimi niliyekuwa mwenyekiti wa kikao sikufungua mdomo ila kufungua na kufunga kwa sala.

Majaji wa usaili walimkataa kwa dakika moja. Sisi tulitumia saa mbili na nusu. Alipokuja kurudisha sare ya kwaya, imefuliwa na kupigwa pasi, aliniambia, "Baba Mchungaji, wale angalau walinisikiliza kwanza."

Najua litakalosemwa: kule ni mashindano ya dunia, huku ni utumishi. Nionyesheni tofauti hiyo. Ni nani kati yetu hajahudhuria mashindano ya kwaya ya jimbo? Kuna wimbo wa lazima na wimbo wa kuchagua. Kuna majaji wameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, wakitoa alama za mpangilio wa sauti, matamshi, sare, hata namna ya kuingia na kutoka. Kuna kombe, na pengine mbuzi. Nimeona kwaya iliyoshika nafasi ya pili ikikataa kupanda lori moja na washindi, na lori lenyewe lilikuwa moja tu. Nimesikia walimu wa kwaya wakishutumiana kwamba jaji alipikiwa kuku usiku wa kuamkia shindano. Na tunapozindua albamu tunaalika mgeni rasmi, na sote tunajua kwa nini tumemwalika yeye na si yule mjane anayefagia kanisa kila Jumamosi.

Hoja ya bia naikubali. Kampuni ya pombe haitoi fedha zake kwa sababu inapenda muziki. Ila mtu wa Iringa anayelaani Tusker huku ameacha kikombe cha ulanzi kikimsubiri nyumbani, namwachia dhamiri yake.

Sisemi kwamba mashindano ya runinga hayana ubaya. Yanao, ila sisi tunapiga kelele pembeni yake. Tunakemea suruali za kubana na nyimbo za mapenzi, kana kwamba Wimbo Ulio Bora haumo katika Biblia zetu. Ubaya ninaouona mimi ni huu: kijana asiyejua kuimba anapewa nafasi mbele ya kamera ili nchi nzima imcheke. Anafundishwa, na sisi watazamaji tunafundishwa pamoja naye, kwamba thamani ya mtu ni jumla ya ujumbe wa simu uliotumwa kwa ajili yake kabla kura hazijafungwa. Na kura hizo hazijui hata kazi yake. Peter Msechu alishika nafasi ya pili kwenye Tusker Project Fame mwaka 2010, na ameendelea kuimba na kula kwa jasho la koo lake, wakati washindi kadhaa wa mashindano haya mtu akiwataja mbele ya vijana wangu wa kipaimara wanatazamana tu.

Hapo ndipo Mluteri angepaswa kushtuka kuliko mtu mwingine yeyote. Sisi ndio tunaosema mtu hahesabiwi haki kwa alama anazokusanya. Samweli alipoingia nyumbani mwa Yese, wana walipitishwa mbele yake mmoja mmoja kama kwenye usaili, na nabii mwenyewe karibu amchague mrefu mwenye sura nzuri. Aliyetakiwa hakuwa ameitwa hata kwenye foleni; alikuwa malishoni. Tunalisoma somo hilo kanisani, kisha tunatoka nje kuhesabu nani ameimba vizuri kuliko nani na nani aondolewe.

Luther aliupa muziki nafasi ya pili baada ya theolojia, na alifundisha kwamba mtu wa kazi halali ana wito wake mbele za Mungu sawasawa na padri. Kama fundi viatu ana wito, mwimbaji anayelipwa kwenye harusi ana nini? Tukitaka vijana wasiitafute riziki ya sauti zao kwa majaji wa runinga, basi tuwalipe walimu wa kwaya zetu, maana wengi tunawapa soda na maombi. Tuwafundishe nota. Na tuache kumwita kijana mwenye kipawa "mwenye kiburi" kila anapouliza nauli.

Mwaka jana wazee wa usharika ninaoutumikia sasa walitaka kumwalika mwimbaji mmoja mwenye jina, aliyepitia mashindano hayo hayo, aimbe kwenye harambee ya paa. Malipo yake yalipitishwa kwa dakika kumi. Hakuna aliyeuliza huwa anavaa nini. Nilinyoosha mkono nikawasimulia habari za binti yule, nao wakanyamaza, mzee mmoja akasema, "Mchungaji, zamani tulikuwa wakali." Ilikuwa 2012. Si zamani hivyo.

Wiki ile nilimtafuta kwa simu. Yuko Mbeya mjini, anaimba na bendi kwenye harusi, analipwa, anasomesha watoto wawili. Husali kwingine. Alinipokea vizuri, "Shikamoo Baba Mchungaji," akaulizia familia yangu, kisha akaniuliza kama miezi yake sita imekwisha. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya kumfungulia. Nimeiandika sasa, nimeipeleka kwa baraza lile, ambalo baadhi ya wazee wake wangali hai, na nimeomba isomwe kwenye matangazo ya ibada zote mbili, pamoja na jina langu kama mwenyekiti wa kikao kilichomsimamisha.