FUNDI NA NYUMBA: Kilichoguswa Mwisho

Lori limetoka karakanani asubuhi likiwa limekwisha kutengenezwa, dereva amelipokea kwa saini yake, na ifikapo saa tisa alasiri linarudi likivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori jingine. Dereva amenuna. Abiria wake wamerudi kwa miguu. Fundi aliyelishughulikia anafuta mikono kwa tambara na kusema maneno ambayo kila dereva amekwisha kuyasikia: "Hii ni kasoro nyingine kabisa. Haihusiani na kazi niliyoifanya."

Huenda asemavyo ni kweli. Lakini aghalabu si kweli, wala fundi mwenyewe si mwongo. Anaamini hivyo kwa moyo safi, maana mtu aliyetoka kuinamia kazi kwa saa tatu huona vigumu kufikiri kwamba ubovu mpya umeingia kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo sababu mafundi wakongwe wanayo kanuni moja wanayowafundisha vijana mapema sana: gari likiharibika muda mfupi baada ya matengenezo, tazama kwanza kile kilichoguswa mwisho.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuitamka, nayo ni nzito kuifuata. Lori letu la asubuhi lilikuwa na kazi ndogo tu: kubadilishiwa chujio la dizeli. Chujio jipya likatiwa, mifereji ikajazwa, hewa ikatolewa, injini ikawaka. Baada ya mwendo wa saa moja ikaanza kukohoa mlimani, kisha ikazimika. Karakanani kila mtu akatoa shauri lake. Mmoja akasema pampu ya dizeli imekufa. Wa pili akasema noseli zimeziba. Wakaizungusha injini kwa starta mpaka betri ikachoka, wakaleta betri nyingine, nayo ikachoka. Kufikia magharibi pampu, ambayo ni chombo cha thamani kubwa na chenye vipimo vyembamba mno, ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kulazwa juu ya gunia.

Kumbe ubovu ulikuwa kwenye wasa ya shaba, pana kuliko ukucha kwa kiasi kidogo tu. Bolti inayofunga mfereji wa dizeli kwenye chujio hukaa juu ya wasa laini ya shaba, ambayo hubanwa na kujaza mikwaruzo yote ya chuma. Ikishabanwa mara moja huwa ngumu, wala haifai kurudishwa ila imebadilishwa au angalau imepashwa moto ikawa nyekundu na kulainika upya. Fundi aliirudisha ile ya zamani. Na hapa ndipo penye hila ya injini ya dizeli: upande ule ambao pampu inavuta mafuta, penye upenyo hapatoi tone hata moja nje wakati injini inafanya kazi. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Fundi anapitisha kidole chake, anakikuta kikavu, anasema, "Hapa ni pazima," na kuhamia kwenye pampu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kosa la wasa liligharimu dakika kumi. Kosa la kutorudi kwenye wasa liligharimu siku nzima, betri mbili, na pampu iliyofunguliwa pasipo na vipimo vya kuifungia.

Ndugu yake kosa hilo ni lile la chujio la oili. Kazi hii hupewa mwanagenzi kwa kuwa huhesabiwa kuwa ya kitoto. Chujio hukazwa ubavuni mwa injini, na kati yake na chuma pana pete ya mpira. Chujio la zamani linapotolewa, pete hiyo huweza kubaki imeganda, nyeusi juu ya chuma cheusi chenye mafuta, isionekane na mtu asiyeitafuta. Jipya likikazwa juu yake, panakuwa na pete mbili zinazotelezeana. Injini ikiwashwa kwa utaratibu hapavuji kitu. Nguvu ya oili ikipanda barabarani, pete moja huchomoka na oili yote humwagika kwa dakika chache. Dereva akipuuza taa nyekundu kwa kudhani ni waya uliolegea, injini hukwama, na kazi iliyoitwa ya kitoto huwa imeua injini nzima. Dawa yake ni kuligeuza chujio la zamani na kulitazama: pete ipo, au haipo?

Yako pia makosa ya nguvu. Malori mengi ya zamani ya Uingereza, kama Bedford ambayo majeshi mengi yaliyatumia, yalikuwa na nati za magurudumu ya kushoto zenye meno yaliyopindiwa kinyume. Nati hizo hukazwa kwa kuelekea kushoto na kulegezwa kwa kuelekea kulia, na nyingine zilichorwa herufi ya L kuwa onyo. Kijana asiyejua alikuwa akitia spana, anavuta kama alivyozoea, nati inakataa. Anatia bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza urefu. Inakataa. Anaita wenzake wawili, wanapanda juu ya bomba na kuruka, bolti inakatika, nao wanashangilia wakidhani imelegea! Kumbe muda wote huo walikuwa wakiikaza.

Hayo yana kicheko ndani yake. Ya breki hayana.

Lugha yetu imebarikiwa kwa mengi, lakini kwa neno "mafuta" imetuwekea mtego. Ya kupikia ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kuendeshea gari ni mafuta, ya kulainishia injini ni mafuta, na maji yale yanayosukuma breki nayo twayaita mafuta ya breki. Mwanagenzi akiambiwa, "Ongeza mafuta ya breki, yamepungua," hutazama rafuni, huona mkebe usio na jina wenye oili safi ya injini, na humimina. Hana nia mbaya. Ameambiwa mafuta, ametia mafuta.

Lakini maji ya breki ya magari mengi si mafuta hata kidogo. Ni kemikali iliyotengenezwa ili isichemke upesi na ili isiidhuru mipira iliyomo ndani ya silinda za breki. Mipira hiyo ikionjeshwa oili itokanayo na petroli ya ardhini, hufura, hulainika na kupoteza umbo lake. Siku ya kwanza breki hufanya kazi. Huenda na siku ya pili. Kisha pedali hubadilika: mara breki zinashika na kukataa kuachia, mara mguu unazama bila kukuta kitu. Lori hilo huenda ndilo linalowapeleka watoto wa kambi shuleni, na barabara ya kwenda huko huenda ina mteremko.

Baya zaidi ni lile linalofuata. Mwanagenzi hugundua kosa lake jioni ile ile, auonapo mkebe wa breki ukiwa umejaa na haujafunguliwa. Akisema, lori litasimamishwa, mifereji itaoshwa, mipira yote iliyoguswa na oili itatolewa na kutiwa mipya, kwa kuwa kumwaga oili peke yake hakutoshi. Ni kazi kubwa na yenye gharama, naye atakaripiwa mbele ya watu. Akinyamaza, hakuna ajuaye. Mkuu wa karakana anayemwadhibu sawasawa yule aliyesema na yule aliyeficha, asistaajabu siku moja akizungukwa na watu walionyamaza.

Wasomaji wasidhani kwamba mambo haya ni ya karakana zenye sakafu ya udongo tu. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania, ikiwa na watu 87. Ilipofika futi 17,300 hivi, kioo kimojawapo cha mbele kilifyatuka. Rubani mkuu, Tim Lancaster, alivutwa na upepo akatoka nje kiwiliwili, miguu yake ikabaki ndani. Mhudumu alimkamata, wenzake wakasaidia kumshikilia, na rubani msaidizi akaishusha ndege huko Southampton. Wote waliokuwamo walipona, na rubani huyo aliyeumia kwa baridi na kuvunjika mifupa akarudi kazini katika mwaka huo huo.

Uchunguzi ulitazama kwanza kile kilichoguswa mwisho. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Kilishikwa kwa bolti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa kwa chini ya milimita moja, na sita zilizosalia zilikuwa za unene ufaao lakini fupi.

Aliyezitia hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mwenye uzoefu, na kwa kuwa watu walikuwa wachache aliifanya kazi hiyo mwenyewe usiku wa manane. Alichukua bolti iliyotoka kwenye kioo cha zamani, akaenda kutafuta za kufanana nayo. Mtunza ghala alimwambia kwamba kazi ile hutumia bolti za namba nyingine. Yeye akafikiri: hizi ndizo zilizokuwamo, na zimeshikilia kwa miaka. Zilipokosekana za kutosha, akaenda kwenye ghala jingine lisilo na mtunzaji, penye taa hafifu, akazilinganisha kwa macho. Hakufungua kitabu cha namba za vipuri.

Katika habari hiyo yamo mambo mawili ambayo fundi yeyote atayatambua. La kwanza, bolti ile ya mfano yenyewe haikuwa sahihi. Ilikuwa fupi, imetiwa na fundi wa kabla yake. Kitu kilichokuwamo si ushahidi wa kitu kinachotakiwa kuwamo. Soko la Kisekka jijini Kampala, lililojulikana kwa miaka mingi kwa vipuri vya magari, limewaona wateja wasiohesabika wakija na kipande cha kale mfukoni na kusema, "Nipe kama hiki." La pili, kioo kile kilifungwa kutokea nje, hivyo pumzi ya ndani ya ndege ilikuwa ikikisukuma kuelekea nje, na bolti peke yake ndizo zilizokizuia. Chini uwanjani hakuna kipimo cha macho ambacho kingeonyesha ubovu. Bolti nyembamba hukaa kwenye tundu lake kwa adabu kabisa mpaka zivutwe.

Tukirudi nyumbani, mama wa nyumba mwenye cherehani anaijua habari hii kwa sura nyingine. Mashine ilishona vizuri hadi jana. Leo sindano imevunjika, ametia nyingine, na mashine imeanza kuruka mishono. Anaita fundi. Fundi anaifungua chini, anageuza parafujo za kile chombo kinachoukamata uzi, anaharibu mwafaka wake na sindano, na sasa haishoni kabisa. Yeyote kati yao angaliuliza ni nini kilichoguswa mwisho, angaliitazama sindano. Sindano nyingi za cherehani za nyumbani zina upande mmoja bapa juu, nao una upande wake wa kukaa. Ikigeuzwa, uzi hupita mahali chombo cha chini hakiufikii. Kulegeza parafujo moja, kugeuza sindano, kukaza. Kazi imekwisha, na sare za watoto zinawahi Jumatatu.

Na ule mtego wa neno "mafuta" umo jikoni pia, tena mkali zaidi. Chupa ya petroli aliyoiacha baba pembeni kwa ajili ya kusafishia vyuma, isiyo na jina, inafanana mno na ya mafuta ya taa. Petroli, hata ikichanganyika kidogo na mafuta ya taa, huweza kulipua taa au jiko mikononi mwa mpishi. Kila chombo chenye mafuta kiandikwe jina kwa rangi, na petroli isilale ndani ya nyumba.

Mwenye kwenda kuchukua kitu chake kwa fundi, kiwe lori la kikosi au pikipiki yake mwenyewe, yafaa aombe aonyeshwe vipuri vya zamani vilivyotolewa. Fundi mwema hakasiriki. Huvitunza ndani ya kopo kwa ajili hiyo hiyo. Aulize ni wapi palipofunguliwa, apatazame mwenyewe injini ikiwa inanguruma. Ikiwa magurudumu yalitolewa, aulize kila nati, si kila gurudumu, kwa maana fundi aliyeitwa kunywa chai akiwa kwenye nati ya tatu aweza kurudi na kuanza gurudumu linalofuata. Wengine hupiga doa la rangi kwenye kila nati waliyokwisha kuikaza kwa mara ya mwisho. Na baada ya mwendo wa kilomita hamsini hadi mia hivi, asimame mahali palipo sawa, achukue spana, azipitie tena zote.