Heshima Haizimi Moto

Kuna methali mbili ambazo watoto wengi wa Kiswahili huzijua kabla hawajajua kusoma: "Sikio halipiti kichwa" na "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Sina ugomvi na waliozitunga. Ugomvi wangu ni na sisi tunaozitumia kumfunga mdomo mtu aliyeona hatari kabla yetu, kwa sababu tu ni mdogo. Methali hiyo ya pili haisemi kinachompata mkuu asiyesikia la mtoto. Nyumbani kwetu Mbagala tulikaribia kukijua.

Nilikuwa kidato cha pili. Mama aliamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua vya biashara, kama kawaida yake. Jana yake jioni tulikuwa tumebadilisha mtungi wa gesi. Nilipotoka chumbani nilikuta ukumbi mzima unanuka. Mama alikuwa na mafua makali, hakusikia harufu yoyote. Mkono wake ulikuwa unapapasa ukuta ukitafuta swichi ya taa.

"Mama, usiwashe!"

Sikusema "tafadhali," wala sikutumia ile sauti ya chini ambayo mtoto hufundishwa kumsemeshea mkubwa. Nilimwamuru. Mkono ukasimama.

Nikamwambia ni gesi, na kuanzia hapo tukafanya kazi wawili. Yeye aliujua mtungi wake kwa mikono: gizani aliufuata mpira mpaka kwenye regulata, akafunga. Mimi nilifungua mlango wa uani na madirisha, nikambeba mdogo wangu aliyekuwa amelala. Tulikaa nje mpaka kukapambazuka. Kulipokucha na harufu kwisha, mama aliutoa mtungi uani, akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakachemka pale mpira unapoingia kwenye regulata. Ulikuwa umepasuka.

Shida nyingine ilikuja mchana. Shangazi alipohadithiwa, hakuuliza mpira ulipasuka vipi. Aliuliza, "Tangu lini mtoto akamfokea mama yake?" Mama akamjibu, "Wifi, angeninong'oneza ningekuwa nimeshawasha."

Shangazi si mtu mbaya. Alikuwa anatetea utaratibu ambao kwa muda mrefu ulikuwa na mantiki. Kwenye jiko la kuni, mkubwa ndiye aliyejua karibu kila hatari, maana alishaungua, alishaona wengine wakiungua, na mtoto alikuwa hana la kumwongezea. Gesi imeuvuruga utaratibu huo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama chini, sakafuni, ambako mtu aliyesimama anaweza asiisikie mapema. Yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia huongezwa makusudi ili itutahadharishe. Cheche ndogo ya swichi inatosha kuilipua.

Haya niliyajua kwa sababu nilifundishwa kemia kidato cha kwanza, mada ya mwako na kuzima moto, kwa Kiingereza. Mama aliishia darasa la saba, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa lugha yake. Kwa hiyo alfajiri ile maarifa ya swichi yalikuwa kwa mdogo, na uzoefu wa mtungi ulikuwa kwa mkubwa. Nyumba inayomruhusu mmoja tu kusema imejinyima nusu ya akili yake.

Jambo hili ni kubwa kuliko familia yetu. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Naliunga mkono lengo hilo. Moshi umewatesa mama zetu vya kutosha. Lakini maana yake ni kwamba mitungi itaendelea kuingia katika nyumba ambazo wakubwa wake hawakukulia na gesi. Mtungi ukivuja, hausubiri mkubwa agundue kwanza.

Najua jibu litakalokuja: nafundisha watoto jeuri. Hapana. Jeuri ni kumkatiza mzazi mbele ya wageni ili uonekane unajua. Kumpigia kelele asiungue ni kumpenda kwa sauti kubwa. Wengine watasema dawa ni kumwambia mtoto "usiguse." Hilo linamtosha wa miaka mitatu. Wa miaka kumi, anayeachiwa wadogo zake mama akiwa sokoni, anahitaji kujua zaidi: akisikia harufu ya gesi asiguse swichi wala kiberiti, afunge regulata kama anaifikia bila hatari, afungue milango, atoe watu wote, na simu ya zimamoto, 114, ipigwe kutoka nje. Ajue pia kwamba mafuta yanayowaka kikaangoni hayamwagiwi maji. Hufunikwa kwa mfuniko na jiko likazimwa.

Na sisi tulio vyuoni tusijifiche nyuma ya shangazi. Tunaandika tasnifu za nishati kwa Kiingereza, kisha tunapiga simu nyumbani kuuliza hali na kuomba nauli. Tungeweza kuuliza mpira wa gesi una umri gani.

Ninachodai ni kidogo. Kila nyumba yenye mtungi ikae jikoni siku moja, mkubwa kwa mdogo, kila mmoja aonyeshe anachojua. Kisha wakubaliane neno moja ambalo yeyote, hata wa darasa la kwanza, akilipaza, wote wanasimama au wanatoka. Maswali ya adabu yaulizwe baadaye, nje, watu wote wakiwa wazima.